Jinsi ya kulinganisha michezo ya kulipwa: upi unadai mwili zaidi?

Wadau, ubishi wa bondia na mcheza soka nani fiti zaidi hauishagi kwa sababu kila mtu anang'ang'ania kitu kimoja, huyu spidi, yule pumzi. Fanya hivi: vunja huo ufiti vipande vipande, yaani pumzi, nguvu, spidi, wepesi wa kugeuka, mwili kunyumbulika, shabaha, kuvumilia kipigo na kichwa kufanya maamuzi ukiwa hoi, halafu kila mchezo upe alama 1 mpaka 10 kwa kila kipande ujumlishe. ESPN, kituo cha habari za michezo cha Marekani, walifanya kitu kama hicho mwaka 2004, vipengele 10, michezo 60, ngumi ikawa ya kwanza na soka ya 10. Kwenye ngumi nakubaliana nao kabisa, raundi 12 za dakika 3 huku mtu anakutwanga, aisee.

Ila jumla inadanganya sana. Marathoni itaanguka kwa sababu mkimbiaji hapigi wala hadaki, lakini angalia pumzi peke yake: marehemu Kelvin Kiptum alikimbia Chicago 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, ambayo ni kama sekunde 17 kwa kila mita 100. Nenda uwanjani ukimbie mzunguko mmoja wa mita 400 kwa sekunde 69 uone moto wake, yeye aliunganisha zaidi ya 105 bila kusimama! Kwahiyo mbali na jumla, andika pia kila mchezo unafika wapi kwenye kile kipande chake kikali.

Angalia na muda wa kazi na wa mapumziko. Kiungo wa soka anamaliza kilometa 10 hadi 12 lakini nyingi ni kutembea na kujogi, raga ya saba, yaani ya wachezaji saba kila upande, ni dakika 14 tu ila kwa moto mkali zaidi, na wanacheza zaidi ya mechi moja kwa siku. Na usimlinganishe kipa na winga, hizo ni kazi mbili tofauti.

Mwisho tenganisha mwili na ufundi, na hapa waliohama michezo ndo wanasaidia. Michael Jordan wa kikapu alienda besiboli 1994 akakwama ligi za chini, Usain Bolt wa mbio fupi akajaribu soka Australia 2018 akaondoka bila mkataba, wakati Mmarekani Carlin Isles alitoka mbio fupi akaingia raga ya saba akatisha kwa spidi ileile. Kilichohama na Isles kiweke upande wa mwili, kilichowakwamisha wale wawili kiweke upande wa ufundi, usikipe alama humu.