Mishikaki ya matunda: tunga usiku, ipakue kesho haijatota

Wiki hii nilikuwa namsaidia binti wa jirani kuandaa mishikaki ya matunda ya walima, yaani karamu ya harusi, na haya ndiyo majibu ya maswali aliyoniuliza. Kutunga hata mtoto atatunga. Shida huja kesho yake mchana, sinia ikijaa maji, nanasi likageuka rangi ya tikiti na papai likaanza kuteremka kijitini.

1. Kununua

Nenda soko la Kongowea, hapa Mombasa, alfajiri, jua halijaanza kupiga mizigo. Embe chukua ngowe iliyoiva ikabakiwa na ugumu kidogo. Papai nalo hivyo hivyo, nusu njano. Zabibu ziwe zimeshika vikonyo.

Ndizi usiweke. Najua watoto wanaipenda, lakini hata ukiiogesha kwa ndimu, hadi asubuhi imelegea na kusawijika.

2. Kuosha na kukata

Osha tunda zima kabla hujalimenya, hata tikiti, kwa sababu kisu kikipita kwenye ganda huingiza uchafu ndani. Vipande viwe vya kiasi cha inchi moja. Tufaha likikatwa lichovye kwenye maji ya ndimu, uliopoe papo hapo.

3. Kukausha

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanaporuka.

Tunda likishakatwa huanza kutoa maji, na tikiti ndilo sugu. Chukua ile nyama ya katikati isiyo na mbegu, ndiyo ngumu. Ya pembeni penye mbegu kula mwenyewe. Vipande vitie kwenye chujio juu ya bakuli, uviweke ndani ya friji nusu saa. Yatakayochuruzika ni sharubati yako.

Kisha tandika kitambaa safi cha pamba, panga vipande visigusane, funika kwa kitambaa cha pili, ubonyeze kwa kiganja taratibu kama unayempangusa mtoto machozi. Geuza, rudia. Kitambaa kikilowa, badilisha. Wengine wanatumia karatasi za jikoni. Mimi sizipendi, zikilowa zinachanika na kuacha manyuzinyuzi juu ya papai.

Usiweke vipande mezani chini ya feni ukisema vitakauka vyenyewe. Tunda lililokatwa lisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, basi ni saa moja tu. Sisi wa Mombasa tunaujua mwezi wa Februari na Machi ulivyo. Toa tunda moja, likaushe, lirudishe kwenye friji, ndipo utoe jingine.

Sukari usinyunyize, chumvi pia. Zote mbili hulivuta maji tunda, na kazi yote uliyofanya inaharibika. Haya, embe bila chumvi na pilipili pwani haliliki, najua. Weka kwenye kibakuli kando, kila mtu achovye mwenyewe wakati wa kula.

Na ukiwa na haraka, nanasi, embe na zabibu zitunge usiku, uache nafasi ya kipande kimoja kwenye ncha. Tikiti likate na kulikausha asubuhi, ulimalizie hapo.

4. Kutunga

Vijiti vya mianzi. Vya plastiki vinateleza. Na usiviroweke, hiyo ni ya mishikaki ya nyama ili kijiti kisishike moto. Zabibu itangulie chini kama kizuizi, halafu embe, nanasi, tikiti mwisho. Ncha kali zikate kwa mkasi kama kuna watoto. Kwa walio chini ya miaka mitano, zabibu ipasue kwa urefu, nzima inaweza kumkaba mtoto.

5. Kuhifadhi

Kontena pana lenye mfuniko. Kitambaa kikavu chini, safu ya mishikaki, kitambaa, safu ya pili, basi. Ukirundika safu nyingi, ya chini itapondeka. Friji iwe kama nyuzi 4, na kontena lisigusane na ukuta wa nyuma, tunda litaganda. Friza usiijaribu kabisa: barafu huchana nyama ya tunda, na ikiyeyuka unabaki na rojo.

Stima zikipotea, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa, baridi itadumu kama saa nne.

6. Kupeleka

Walima ukiwa Likoni, hesabu foleni ya feri pia. Gandisha maji kwenye chupa, zifunge taulo, uzilaze juu ya vifuniko vya kontena ndani ya boksi la barafu, maana baridi hushuka. Ukifika, toa sinia moja tu. Ikikaribia kuisha, ndipo ufungue kontena la pili.