Hatua za Mapema katika Wiki za Kwanza za Ujauzito
Hesabu ya ujauzito huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwanamke anapoona hedhi imechelewa, mara nyingi huwa amekwisha kufika wiki ya nne au ya tano. Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufunga kufikia wiki ya sita. Ndiyo maana nasisitiza mikrogramu 400 za asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija huo kufunga vizuri, kila siku, hata kabla ya kushika mimba. Pima mkojo kuthibitisha mimba, kisha uende kituo cha afya kabla ya wiki ya 12. Kwetu Uganda malaria ipo mwaka mzima, basi lala ndani ya chandarua chenye dawa. Fansidar, dawa ya kukinga malaria, husubiri wiki ya 13. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, hasa yakiambatana na damu, yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.