Jinsi ya kuisoma Nagona bila kuitupa ukutani

Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi wa Tanzania (1990), inagawa watu kweli, wengine wanaiabudu wengine wanasema mzee katupiga chenga tu, hasa waliotokea kwenye Rosa Mistika, riwaya yake ya mwanzo, wakitegemea stori inyooke. Sasa fanya hivi, usitafute ploti. Ni kitabu chembamba, kimalize fasta hata kama hushiki kitu, halafu rudi mwanzo na penseli, pigia mstari kila paa anapotokea na kila Ngoma Kuu inapotajwa, hapo ndo vitu vinaanza kushikana. Wanafalsafa waliomo humo wakikuchosha ruka, utawarudia. Kisha mtafute aliyekichukia mbishane, ila muulize kwanza aliishia ukurasa wa ngapi (wengi hawafiki mbali bana). Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, iache kwanza.