Somo: Kupima nguvu za bega kwa dinamomita ya mkononi hadi namba ziaminike

Karibu kila wiki naulizwa kwa nini bega lilelile limetoa nyutoni 90 Jumatatu na 115 Alhamisi. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, hivyo naandika hapa utaratibu wa kipimo kimoja, cha kuzungusha mkono kwa nje, kwa dinamomita ya mkononi, yaani kifaa kidogo kinachosoma nguvu ya msukumo kwa nyutoni.

1. Hakiki kifaa kwa uzito unaojulikana: kilo 10 zisome takriban nyutoni 98.

2. Mgonjwa aketi, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, na taulo iliyokunjwa ikae kati ya mkono na ubavu.

3. Weka kifaa upande wa nje wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, mahali palepale kila mara. Hapa ndipo nilipokosea. Nilimpima mgonjwa mmoja kifaa kikiwa sentimita 24 kutoka kwenye kiwiko, nikapata nyutoni 100. Baada ya wiki tatu nilikiweka sentimita 20, nikapata 120, nikamwambia kwa furaha kwamba ameongeza nguvu kwa asilimia 20. Nilipozidisha nguvu kwa umbali, vipimo vyote viwili vilitoa nyutoni-mita 24, maana yake bega halikuwa limebadilika hata kidogo, na mtu yule alikuwa amekwisha kurudia kubeba mizigo kwa kuniamini mimi. Pima umbali kwa futi kamba na uuandike kwenye faili. Usitegemee alama ya kalamu, kwa kuwa hufutika akioga.

4. Mgonjwa aongeze nguvu taratibu, ashikilie hadi sekunde ya tano, nawe uzuie tu bila kumshinda. Ukimsukuma hadi mkono ukubali, namba hupanda, na haifai kulinganishwa na ile ya kuzuia.

5. Rudia mara tatu, ukimpumzisha dakika moja kila mara, kisha chukua wastani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kifaa kiwekwe wapi hasa?
Jibu: Soma hatua ya 3.

Swali: Wagonjwa ni wengi. Nikipima mara moja tu kuna ubaya gani?
Jibu: Jaribio la kwanza mara nyingi ni la kujifunza. Kama huna muda wa kupima, usiandike namba.

Swali: Samahani mwalimu, mimi ni mwembamba, na vijana wa mazoezi hunisukuma hadi nayumba. Je, namba zangu zina maana?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi, dada. Mpimaji akizidiwa, kifaa husoma kikomo cha mpimaji. Funga kifaa kwa mkanda usionyumbuka kwenye nguzo au kitanda kizito, ili kinachozuia kisiwe mkono wako.

Swali: Nitajuaje kwamba ongezeko ni la kweli?
Jibu: Tafuta kosa la kawaida la kipimo (kiasi ambacho namba hupanda na kushuka zenyewe bila nguvu kubadilika) kwa kuwapima watu kadhaa siku mbili tofauti, kisha lizidishe kwa 2.77. Likiwa nyutoni 8, badiliko lililo chini ya 22 lisikushawishi. Uwiano wa kuaminika (alama ya 0 hadi 1 ya jinsi vipimo vya marudio vinavyokubaliana) ukifika hata 0.9 hautoshi peke yake, kwa sababu kundi lenye watu wanaotofautiana sana kwa nguvu huupandisha.

Swali: Kituoni kwetu hakuna dinamomita. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza mizigo inafaa?
Jibu: Inafaa, mradi ihifadhi namba ya juu kabisa, ifungwe kwa mkanda, na mvuto uwe wa pembe mraba na mkono. Zidisha kilo kwa 9.81, na usichanganye namba zake na za kifaa kingine katika faili moja.