Pokémon Pocket: namna ya kuzoa pointi 3 fasta kabla mwenzio hajajipanga

Wana wa Mwanza mnaocheza Pokémon TCG Pocket, ile gemu ya karata ya kwenye simu, hii ni yenu. Vijiwe vya Kirumba na Nyakato naona watu wana karata kali kweli ila wanafungwa kizembe, na karata hazina kosa, shida mtu anahesabu dameji tu, pointi hahesabu. Mechi inaisha kwa pointi 3. Ukiua Pokémon wa kawaida unapata 1, ukiua ex, yaani wale wenye nguvu zaidi, unapata 2, na hawa Mega ex waliokuja 2025 ukiangusha mmoja tu mechi imeisha hapohapo. So kabla hujagusa kitufe cha kushambulia jiulize kwanza, hizi 3 zangu nazitoa kwa nani na kwa nani?

Deki ni karata 20, jina moja mwisho mbili. Weka enaji (nguvu ya kushambulia, unapewa moja kwa zamu) ya rangi moja tu, ukichanganya mbili gemu ndo inakuchagulia, na mara nyingi itakupa ile usioitaka saa hiyo. Kwa spidi mi bado namkubali Pikachu ex, anahitaji enaji 2, anapiga 30 kwa kila mwenzie wa umeme alieko benchi, na benchi linabeba watatu, yaani likijaa unapiga 90 mapema kabisa. Ndo maana Poké Ball, karata ya kukuletea Pokémon mdogo kutoka kwenye deki, usizilalie, zicheze mwanzoni, na siku zote Poké Ball kwanza halafu Professor's Research ifuate, ili karata mbili utakazovuta zisiwe tena yuleyule Pokémon mdogo ambae tayari ungempata bure.

Halafu wengi wakiona wameanza wa pili wananuna, wakati anaeanza wa kwanza hapewi enaji zamu yake ya kwanza! Wewe wa pili unapewa, so zamu yako ya pili Pikachu ex ana enaji zake mbili na anapiga, mwenzio mpaka zamu yake ya tatu. Hapo usijilinde, piga.

Sasa sikia hii. Tunasubiri kivuko Kamanga, jamaa ana Pikachu ex na benchi limejaa, mbele yake Greninja wa mpinzani, mzima mwenye uhai 120, benchi la mpinzani kuna Froakie mmoja tu. Mkononi ana Giovanni na Sabrina, hizi ni karata za msaada zinazoitwa Saporta, na Saporta ni mmoja tu kwa zamu. 90 jumlisha 20 ya udhaifu wa umeme ni 110, Greninja anabaki na 10. Akitumia Sabrina anamvuta Froakie anamuua kirahisi, pointi 1. Akitumia Giovanni anaongeza 10, inakuwa 120 kamili, Greninja chali, pointi 1 vilevile. Sasa uchague ipi? Chukua Greninja, bila kufikiria mara mbili, maana huyo hata akikaa benchi anarusha 20 kila zamu kwa yeyote anaemtaka, na Froakie mpaka akue afike pale ni zamu mbili zaidi. Pointi ni ileile ila umemkata mwenzio miguu, na Sabrina bado unae.

Sabrina mwenyewe mtunze, maana ukimcheza mpinzani ndo anachagua nani aje mbele, so ana faida zaidi benchi lake likiwa na mmoja. Mtu ana Mewtwo ex mbele na Ralts peke yake nyuma? Mvute Ralts, ana 60 tu, pointi 1, na Gardevoir, ambae Ralts angekua awe yeye, wa kumlisha Mewtwo enaji hayupo tena, halafu unarudi kwa Mewtwo mwenye 150 unampiga mara mbili unachukua 2. Tatu hizo. Wengi wanakomaa na ex tangu mwanzo, kama mtu anaengoja sangara huku sato wanapita. Ila ex akijeruhiwa akakimbilia benchi, hapo mlete Cyrus, Saporta mwingine, yeye anamtoa yeyote mwenye jeraha na wewe ndo unaemchagua, hachomoki.

Na zako pia zihesabu jamani. Mpinzani akishakuwa na pointi 1 tu, ex wako aliechoka akikaa mbele umempa mechi. Pikachu ex anarudi benchi kwa enaji 1, ukiwa na X Speed, karata ya kupunguza gharama hiyo kwa 1, anarudi bure kabisa, so hiyo X Speed usiitupe hovyo, na wa kumuweka mbele awe wa kawaida wa pointi 1. Red Card, inayomfanya mpinzani arudishe karata zote za mkononi kwenye deki avute tatu, mi naitoa pale mwenzangu ameshika karata tano au sita, akishika tatu haimuumizi, anavuta tatu nyingine tu.

Kingine, angalia benchi la mwenzio zamu za kwanza kabisa. Kama ameanza na Pokémon mmoja na nyuma hamna mtu, sahau hesabu zote za pointi, mpige huyohuyo kwa ulichonacho hata kama ni 20, maana akifa na benchi likiwa tupu umeshinda, hata ungekuwa na pointi sifuri.