Kabla hujanunua nyumba ya pembezoni mwa mji, piga hesabu ya matengenezo

Mkopo wa nyumba una mwisho wake, matengenezo hayana. Tenga kila mwaka asilimia 1 hadi 2 ya thamani ya nyumba, na kama ni ya zamani au imekaa bila matunzo, weka 3. Fedha hiyo ikae kwenye akaunti yake peke yake. Mwaka ukipita bila kuigusa, iache hapo hapo, maana paa na hita havivunjiki kwa zamu.

Siku ya kwanza tafuta koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme, ufunge na kufungua kwa mkono wako. Koki isiyoguswa miaka mingi hukwama, na hulijui hilo hadi bomba lipasuke. Kwenye boksi la umeme, kikata umeme kinachokinga watu wasipigwe shoti huwa na kitufe cha kukijaribia. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, kisipokata, kibadilishwe. Soketi inayopata joto, acha kuitumia leo.

Choo kinachovuja hakipigi kelele. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, ukae nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira unaoziba tundu la chini ndani ya tangi umechakaa. Kisha funga bomba zote za nyumba, soma mita, subiri saa moja. Namba ikisogea, kuna maji yanapotea mahali.

Hita ya maji ya tangi ina fimbo ya magnesiamu au alumini ndani, iliyowekwa iliwe na kutu badala ya tangi lenyewe. Ikaguliwe kila miaka 2 au 3. Ikibaki waya mtupu na wewe hujui, zamu ya kuliwa ni ya tangi. Shimo la maji taka linyonywe kila miaka 3 hadi 5, na gari lisipite juu yake. Mchwa watafute chini ya kuta: njia za udongo zenye unene wa penseli zinazopanda kutoka ardhini.

Ila kinachobomoa nyumba taratibu ni kitu ambacho wanunuzi wengi hawakipandii ngazi: gata, mfereji wa ukingo wa paa unaokusanya maji ya mvua. Majani hujazana kwenye tundu la bomba la kushushia. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kushukia, yanajaa na kumwagikia nyuma, upande wa ukuta. Hapo ubao wa fisha, ule unaoziba ncha za kenchi, unaanza kunyonya. Ukiutazama kutoka chini rangi bado inang'aa, ndani umelainika kama mkate uliolowa. Skrubu zinakosa pa kushika, gata inabonyea katikati, na sasa hata ukitoa majani, maji yanatuama pale pale. Msimu unaofuata yanamwagika karibu kabisa na msingi na kuchimba udongo. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na msingi huufuata. Ndipo ufa wa mshazari unapotokea kwenye kona ya dirisha. Anaitwa fundi wa plasta, anaziba, anapaka rangi, analipwa. Mvua nyingine, ufa umerudi, kwa sababu chanzo bado kiko juu: kiganja kimoja cha majani.

Kwa hiyo safisha gata mara 2 kwa mwaka, zaidi kama kuna mti juu ya paa. Mimina maji kwa mpira wa bustani kuanzia ncha ya mbali. Yatembee hadi tunduni bila kutuama. Mteremko wa milimita 5 hadi 10 kwa kila mita 3 unatosha. Choma fisha kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kirahisi, ubao umeoza, ubadilishe kabla ya kufunga skrubu mpya. Bomba la kushushia limwage maji angalau mita 1.5 kutoka msingini, na ardhi ishuke kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Udongo wa maua uliorundikwa ukutani, uondoe.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, rudi baada ya miezi 3. Ufa ukivuka alama, au upana wake ukizidi milimita 5, muite mhandisi wa majengo kabla ya fundi rangi.

Silikoni ya bafuni, kwangua yote ya zamani kwanza, kwani mpya haishiki juu yake. Usimlipe fundi fedha yote kabla ya kazi. Piga picha mabomba na nyaya kabla ukuta haujafunikwa. Na ngazi, kwa kila mita 4 za urefu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike.