Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Nairobi hadi New York

Abiria wengi huchukua saa ya kufika iliyo kwenye tiketi, wakatoa saa ya kuondoka, wakaamini wamepata muda wa safari. Kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, hesabu hiyo huweza kutoa saa 7 tu, ambazo hazitoshi hata nusu ya safari yenyewe.

Anza na umbali. Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy kuna takribani kilomita 11,840 kwa njia fupi kuliko zote. Usiipime njia hiyo kwa rula juu ya ramani bapa, kwa kuwa rula itakupitisha Mauritania, ilhali njia fupi hasa hukata Chad, Algeria na Moroko kabla ya kuingia Atlantiki. Anayetaka kuiona kwa macho yake na avute uzi juu ya tufe la dunia. Ukiunganisha ndege Doha, umbali hupanda hadi kilomita 14,100 hivi, kabla hujahesabu saa za kusubiri.

Kisha gawanya umbali kwa mwendo. Ndege kubwa za masafa marefu huenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo utapata saa 13 na dakika chache. Ongeza karibu saa moja ya kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Linalobaki ni upepo, na hapa ndipo makadirio mengi huharibika: katika latitudo za kati upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo ndege iendayo New York hupambana nao na kutumia karibu saa 15, ilhali irudiyo Nairobi husukumwa nao na huchukua kama saa 14.

Sasa hakiki kwa tiketi. Tuseme imeandikwa kuondoka 23:25, yaani saa 5:25 usiku, na kufika 06:25 kesho yake. Kila saa ni ya mahali ilipotajwa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi, na kwa saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele. Ikiwa ni Januari, ndege inapoondoka Nairobi New York ni 15:25. Kutoka hapo hadi 06:25 ni saa 15 kamili.

Wakati wa kurudi tazama tarehe kwa makini zaidi, na umpe anayekuja kukupokea tarehe ya kufika: anayeondoka New York Jumamosi adhuhuri hutua Nairobi Jumapili asubuhi.